Sura ya Saba: Kizuri Hakijiuzi

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mgiriki aitwaye Odysseas Tsatalos alikuwa akiongoza kazi za kiufundi katika kampuni changa huko Silicon Valley. Kulikuwa na kazi ya tovuti iliyohitaji mtu, na mtu aliyeifaa alimjua vizuri: rafiki yake Stratis Karamanlakis. Wenzake kazini hawakubisha. Sifa zake waliziona na wakakubali kwamba hakuna wa kumzidi. Kilichowakwamisha ni kwamba Karamanlakis alikuwa Athens. Nani angejua kama kweli amekaa kazini? Saa zake zingehesabiwaje? Na yeye angepata wapi hakika kwamba atalipwa na watu asiowahi kuwaona?

Mwaka 2003 marafiki hao wawili wakaanzisha oDesk ili kuyajibu maswali hayo. Programu yao ilihesabu saa za mfanyakazi na kupiga picha za skrini yake kila baada ya dakika kadhaa, mwajiri akawa anaona kazi inavyokwenda. Kwa upande wa pili, saa iliyorekodiwa kwa kufuata masharti ilikuwa na dhamana ya malipo. Miaka kumi baadaye oDesk ilitangaza kuungana na mshindani wake Elance, na mwaka 2015 muungano huo ukachukua jina la Upwork, ambayo leo ni miongoni mwa masoko makubwa zaidi duniani ya kazi za kujitegemea.

Tazama walichoanza nacho. Hawakuanza na orodha ya wataalamu elfu moja, wala na orodha ya waajiri. Tsatalos alimjua Karamanlakis, wenzake hawakumjua. Biashara yote ilizaliwa katika nafasi iliyokuwapo kati ya kujua kwake na kutojua kwao.

Sura hii inahusu majukwaa ya namna hiyo, yanayomkutanisha mwanzilishi wa kampuni changa na mtu wa teknolojia anayeweza kuijenga. Ni wazo linalomjia karibu kila kijana wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Kigali aliyewahi kuhangaika kumpata mtengeneza programu. Linavutia kwa sababu linaonekana jepesi. Huku kuna wenye mawazo na mtaji kidogo, kule kuna wenye ujuzi, na katikati hakuna wa kuwakutanisha. Basi jenga tovuti, weka fomu mbili za kujisajili, tangaza mitandaoni, subiri. Wengi hufika kwenye kusubiri, na huko ndiko wanakoishia.

Hoja yangu ni kwamba watu hao hukosea kuitambua bidhaa yao. Wanadhani wanauza majina. Majina yamejaa kila mahali na hayana bei. Kinachonunuliwa ni nafuu ya kutojuana, na jukwaa hudumu kwa kadiri linavyokubali kubeba hasara ambayo pande mbili zinaogopa kuibeba.

Wahenga na mchumi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 1970 mchumi Mmarekani George Akerlof alichapisha makala yaliyoonyesha kwamba kuna masoko ambamo mambo huenda kinyume kabisa. Mfano wake ulikuwa magari yaliyokwisha kutumika. Muuzaji anaijua hali ya gari lake, mnunuzi haijui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hutaja bei ya kati, inayokadiria kwamba huenda gari ni zima na huenda ni bovu. Bei hiyo ni neema kwa mwenye gari bovu na dhuluma kwa mwenye zima. Mwenye zima anaona afadhali akae na gari lake. Yakiondoka mazima, wastani wa ubora unashuka. Mnunuzi akiligundua hilo, anapunguza bei tena, na hata wenye mazima waliosalia nao wanaondoka. Mwisho sokoni yanabaki mabovu, au soko linakufa.

Akerlof alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2001 na Joseph Stiglitz na Michael Spence. Spence alikuwa amelitazama tatizo hilohilo kutoka upande wa pili: mtu mwenye uwezo afanye nini ili atambulike? Jibu lake ni kwamba lazima aonyeshe alama ambayo asiyefaa hawezi kuimudu, au ingemgharimu mno kuipata. Shahada ya chuo, kwa hoja hiyo, ina thamani kwa mwajiri hata kama masomo yenyewe hayahusiani na kazi, kwa sababu inaonyesha ni nani aliyeweza kuyavumilia.

Sasa walete wachumi hawa kwenye meza ya mwanzilishi wa kampuni changa. Anatafuta mhandisi wa programu. Shahada haimsaidii sana, maana baadhi ya wahandisi bora walijifunza wenyewe, na baadhi ya wenye shahada hawajawahi kuisimamia programu inayotumiwa na watu halisi. Wasifu wowote unaweza kupambwa. Kazi iliyowekwa GitHub inaweza kuwa imenakiliwa. Juu ya yote, mara nyingi mwanzilishi mwenyewe si mtu wa teknolojia. Alikuwa benki, hospitalini au kwenye kilimo, akaliona tatizo na kutaka kulitatua. Anaombwa apime ujuzi ambao yeye hana. Akikosea, hasara yake si mshahara wa miezi michache tu. Ni programu iliyojengwa vibaya, ambayo mhandisi atakayefuata atamwambia ibomolewe yote.

Geuza meza. Mhandisi naye anamtazama mwanzilishi na haoni ndani ya akaunti yake ya benki. Pesa zilizopo zinatosha mishahara ya miezi mingapi? Mwekezaji anayetajwa ametoa fedha au ametoa maneno? Anaahidiwa asilimia mbili ya hisa, lakini asilimia mbili ya nini, na kwa masharti gani? Desturi ya kampuni changa ni kwamba hisa za mfanyakazi hukomaa kidogokidogo kwa miaka minne, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kutimia haondoki na kitu. Kampuni nyingi za Afrika Mashariki zinazotafuta wawekezaji wa kigeni husajiliwa Delaware, Marekani, kwa hiyo kijana wa Kinondoni anaweza kuwa na ahadi ya hisa za kampuni iliyoko chini ya sheria ya jimbo ambalo hajawahi kukanyaga.

Akerlof alikuwa na kutojua kwa upande mmoja. Hapa kuna kutojua kwa pande mbili zinazotazamana, kila mmoja akiwa muuzaji na mnunuzi kwa wakati mmoja. Methali ya wahenga ni ya kweli pale mnunuzi anapoweza kukiona kizuri. Hapa hakionekani, na kwa hiyo hakijiuzi.

Kwanza watu, kisha soko

Tatizo la kwanza analokutana nalo mwanzilishi wa jukwaa linajulikana sana: wahandisi hawaji pasipo na kampuni, na kampuni haziji pasipo na wahandisi. Wachumi Jean-Charles Rochet na Jean Tirole waliliandikia makala mashuhuri mwaka 2003, na Tirole alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kazi zake, hii ikiwamo. Walichoonyesha ni kwamba katika soko lenye pande mbili, jumla ya ada si jambo pekee. Mgawanyo wake kati ya pande hizo nao unaamua kama soko litasimama. Aghalabu upande mmoja huachwa uingie bure, au hata hulipwa, ili upande wa pili upate sababu ya kuja na kulipa.

Hata hivyo nadharia haisemi watu wa kwanza watoke wapi. Historia ya majukwaa yaliyofanikiwa inasema, na jibu lake linawakatisha tamaa wenye haraka: karibu yote yalikuwa na umati tayari, uliokusanyika kwa sababu nyingine.

Chukua AngelList. Naval Ravikant na Babak Nivi walianza mwaka 2007 kwa kuandika ushauri wa bure kwa waanzilishi wa kampuni kuhusu namna ya kujadiliana na wawekezaji. Waliposikilizwa kwa miaka kadhaa, mwaka 2010 wakatengeneza orodha ya wawekezaji binafsi na kuanza kuwapelekea kampuni zilizostahili kutazamwa. Wawekezaji waliwavuta waanzilishi. Waanzilishi walipokwisha kuwa wengi, ikaonekana kwamba baada ya pesa hitaji lao la pili ni watu, ndipo likaongezwa soko la ajira. Wahandisi walikuwa kundi la tatu kufika, na walipofika walikuta kampuni ambazo taarifa zake, hata za wawekezaji wake, zilikwisha kuandikwa. Mwaka 2022 soko hilo la ajira lilitenganishwa na kupewa jina la Wellfound.

Stack Overflow ilifika kwa njia tofauti. Ilianzishwa mwaka 2008 kama mahali pa watengeneza programu kuulizana maswali, na umati ulipokuwa mkubwa ikafungua huduma ya ajira. Mhandisi hapo hakuhitaji kujieleza. Majibu yake kwa maswali ya wengine yalikuwa yakionekana kwa yeyote. Nayo Y Combinator, taasisi ya kulea kampuni changa, ilikuwa na mamia ya kampuni ilizozichagua yenyewe kabla ya kufungua jukwaa la kuajiri watu kwa ajili yao mwaka 2018.

Afrika Mashariki inao mfano wake wa umati uliotangulia soko. Mwaka 2010 Erik Hersman na wenzake, waliokwisha kujulikana kwa Ushahidi, programu ya ramani iliyozaliwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007, walifungua iHub katika barabara ya Ngong, Nairobi. Mwaka mmoja kabla, nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilikuwa zimefika Mombasa na Dar es Salaam, na intaneti ikaanza kuwa ya haraka. iHub haikuwa wakala wa ajira. Ilikuwa ghorofa yenye intaneti nzuri, meza na kahawa. Lakini mwanzilishi aliyetafuta mtengeneza programu alijua aende wapi, na baada ya kukaa huko wiki chache alijua nani anasema na nani anatenda. Kutojuana kulipungua kwa njia ya kale kuliko zote, yaani watu kuonana kila siku.

Kwa hiyo anayetaka kufungua jukwaa leo ajiulize kwanza: ni umati gani unaoniamini tayari? Wahitimu wa chuo fulani, wanachama wa kikundi cha wanawake watengeneza programu, wateja wa ofisi yake ya uhasibu inayohudumia kampuni changa? Asiye na umati wowote aanze kuujenga kwa kutoa kitu cha bure chenye manufaa, na akubali kwamba kazi hiyo inapimwa kwa miaka.

Masharti ndiyo bidhaa

Umati peke yake hauleti mapatano. Alvin Roth, aliyeshiriki Nobel ya mwaka 2012 na Lloyd Shapley, alitumia maisha yake kuunda masoko ambamo pesa haiamui kila kitu: madaktari wapya na hospitali za Marekani, wanafunzi na shule, figo na wagonjwa. Anasema soko la namna hiyo lahitaji mambo matatu. Liwe na watu wa kutosha. Lisisongamane kiasi cha watu kukosa muda wa kuzichambua fursa. Na liwe salama, mtu asiumie kwa kusema ukweli.

Majukwaa mengi hupigania la kwanza na kusahau mawili yanayofuata. Nafasi ya kazi inatangazwa, maombi mia tatu yanamiminika, mwanzilishi hana muda, hajibu hata moja. Wahandisi wazuri, ambao wana kazi tayari na hawana shida ya kubembeleza, wanajaribu mara mbili, hawajibiwi, wanaondoka. Aliyebaki ni yule asiye na pa kwenda. Jukwaa linakuwa soko la Akerlof, na lililifikia hilo kwa sababu lilikua.

AngelList ililishika jambo hili mapema. Kampuni ilitakiwa kutaja mshahara na kiwango cha hisa kabla mtu hajaomba. Mawakala wa kuajiri wa nje walikatazwa. Mazungumzo yalifunguka pale pande zote mbili zilipoonyesha nia. Kila sharti hapo linamnyima mtu starehe fulani: mwanzilishi anapoteza nafasi ya kupatana kwa siri, wakala anapoteza riziki. Jukwaa lilikubali kuwapoteza wasiotaka masharti hayo ili waliobaki waaminiane.

Hired ilikwenda mbali zaidi. Ilianza San Francisco mwaka 2012 kwa jina la DeveloperAuction, na wazo lake lilikuwa kupindua meza: mhandisi haombi kazi, kampuni ndizo zinazomwomba, na ombi haliruhusiwi kumfikia bila kutaja mshahara. Mhandisi aliyechujwa na kukubaliwa alikaa katika mnada kwa muda mfupi, akapokea ofa zenye tarakimu, akachagua. Soko lilikuwa safi na lilipendwa. Lakini mwaka 2020 Hired iliuzwa kwa Vettery, kampuni iliyokuwa chini ya kundi la Adecco.

Njia ya Hired inafunua ugumu uliomo ndani ya biashara hii. Jukwaa la ajira likifanya kazi yake vizuri, linawapoteza wateja wawili kwa mpigo. Mhandisi aliyepata kazi nzuri hatarudi kwa miaka miwili au mitatu, na mwanzilishi aliyejaza nafasi zake naye kimya. Kila mwezi lazima watafutwe watu wapya, na kuwatafuta ni gharama. AngelList iliweza kuliacha soko lake la ajira bila ada kwa miaka kwa sababu mapato yake yalitoka kwenye uwekezaji. Ajira ilikuwa sababu ya waanzilishi kuendelea kurudi, wala haikulazimika kujilisha. Anayefungua jukwaa la ajira tupu, bila huduma nyingine inayowarudisha watu, ajue kwamba kila mafanikio yake ni kuagana na mteja.

Andela na mzigo mzima

Hakuna jaribio barani Afrika linalofundisha zaidi kuliko Andela. Ilianzishwa Lagos mwaka 2014 na kundi lililowajumuisha Wamarekani Jeremy Johnson na Christina Sass na Mnigeria Iyinoluwa Aboyeji, ambaye baadaye alishiriki kuanzisha Flutterwave. Dai lao lilikuwa kwamba akili imegawanywa sawa duniani na fursa haikugawanywa hivyo. Wengi walikuwa wamekwisha kulisema hilo. Andela ilijitofautisha kwa kiasi cha hatari iliyokubali kuibeba.

Kampuni ya New York au San Francisco ilikuwa na hofu ya kila aina juu ya mhandisi asiyejulikana wa Lagos. Je, anajua kazi? Je, umeme na intaneti vitakuwapo? Je, ataondoka baada ya miezi mitatu? Andela ilichukua hofu zote na kuzifanya zake. Ilichuja waombaji, ikijigamba kwamba inachukua chini ya mmoja katika kila mia. Waliochaguliwa hawakulipa ada. Wao ndio waliolipwa wakiwa wanafunzi kwa takriban miezi sita. Kisha waliajiriwa na Andela yenyewe, wakakaa katika majengo yake yenye umeme na intaneti ya uhakika, na kukodishwa kwa kampuni za nje katika mkataba wa jumla ya miaka minne. Mwaka 2016 taasisi ya Mark Zuckerberg na mkewe Priscilla Chan iliongoza uwekezaji wa dola milioni 24. Ofisi zikafunguliwa Nairobi, Kampala na Kigali.

Kwa mfumo huo, mwajiri hakuwa na cha kupoteza ila ada yake, na kijana hakuwa na cha kupoteza ila muda wake. Kila hasara nyingine ilikuwa ya Andela. Mzigo huo ulibebeka kwa sharti moja: kila anayehitimu mafunzo apate mteja haraka. Mhandisi asiye na mteja ni mshahara unaotoka bila kuingiza kitu.

Sharti hilo lilivunjika. Kampuni za nje zilitaka wahandisi wenye uzoefu, wa kukabidhiwa kazi bila kushikwa mkono, na Andela ilikuwa imezalisha chipukizi wengi. Septemba 2019 ilitangaza kuwaachisha kazi chipukizi takriban 250 wa Nigeria na Uganda, na wengine kama 170 wa Kenya wakawekwa katika hatari hiyohiyo. Mwaka uliofuata, katika janga la UVIKO-19, ilipunguza tena watumishi na kuyaacha majengo yake. Iligeuka kuwa soko la wahandisi wenye uzoefu kutoka nchi nyingi, wanaofanya kazi popote walipo, bila kuwafundisha wanaoanza kama zamani. Mwaka 2021 SoftBank iliongoza uwekezaji wa dola milioni 200, na Andela ikathaminiwa dola bilioni 1.5.

Kwa hesabu za mwekezaji, huo ni ushindi. Kwa kijana anayeanza, ni mlango uliofungwa. Swali la nani atabeba gharama ya kumtoa mtu kwenye uanafunzi hadi kwenye uzoefu lilibaki palepale, likahamia kwa shule zinazotoza ada, kwa wazazi na kwa chipukizi mwenyewe. Wakati huohuo waanzilishi wa nyumbani walijikuta wakimgombea mhandisi yuleyule mzoefu na watu wanaolipa kwa dola. Microsoft ilifungua kituo chake cha maendeleo Nairobi mwaka 2019, Google ikatangaza chake mwaka 2022. Jukwaa linalotaka kumhudumia mwanzilishi wa Mwanza au Kisumu haliwezi kujifanya kwamba linashindana na majukwaa mengine peke yake. Linashindana na mshahara huo.

Mlango wa nyuma

Kila aliyewahi kupanga nyumba Dar es Salaam anamjua dalali. Anakuzungusha, anakuonyesha vyumba, ukikubali anadai kodi ya mwezi mmoja. Wapangaji humlaumu, na wengine humkwepa: wakishaonyeshwa nyumba, hurudi kesho yake kwa mwenye nyumba peke yao. Kazi ya dalali imekwisha pale anapowakutanisha watu; baada ya hapo hana anachoongeza, ndiyo maana malipo yake yanaonekana ni wizi.

Jukwaa la ajira liko katika hali hiyohiyo. Mwanzilishi akishampata mhandisi, wana kila sababu ya kumalizana pembeni na kugawana ada. Upwork imepambana na mlango huo wa nyuma kwa njia mbili. Ya kwanza ni katazo: waliokutana humo hawaruhusiwi kuhamia nje kwa miaka miwili bila kulipia. Ya pili ni bei. Mwaka 2016 iliweka ada inayoshuka kadiri mtu anavyoendelea na mteja mmoja: asilimia 20 kwa dola 500 za kwanza, 10 hadi kufikia dola 10,000, kisha 5. Mantiki yake ni kwamba uhusiano mrefu ndio wenye kishawishi kikubwa cha kutoroka, basi uwe wa bei nafuu zaidi. Mwaka 2023 ikarudi kwenye kiwango kimoja cha asilimia 10.

Katazo linasaidia kidogo, hasa katika nchi ambazo kesi ya madai madogo inaweza kumaliza mwaka mahakamani. Dawa ya kudumu ni kuendelea kubeba kitu baada ya watu kukutana. Shikilia malipo ya hatua ya kwanza mpaka kazi ikubaliwe. Toa mkataba wa kazi na wa hisa uliokwisha kupitiwa na mwanasheria. Ahidi kumtafuta mbadala bila ada iwapo mhandisi ataondoka ndani ya miezi mitatu, na umlipe mhandisi fidia fulani iwapo mwanzilishi atashindwa mshahara wa mwezi wa kwanza. Waliokutana wakiona kwamba wakitoka nje wanaiacha kinga hiyo, wengi watabaki.

Sheria nayo ina sauti katika kubeba huko. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi. Anayelipa ni mwajiri. Ni kanuni njema hata kibiashara, kwani ukimtoza anayetafuta kazi utawavutia waliokata tamaa na kuwafukuza wanaotafutwa. Tanzania huwataka mawakala binafsi wa ajira kuwa na leseni, na kanuni zake za mwaka 2014 ziliwazuia kuwaajiri watu wenyewe na kuwakodisha kwa wengine. Mfumo wa Andela ya kwanza usingeingia humo bila maswali. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina yake ya 2022, na jukwaa lenye mishahara, vyeti na matokeo ya mitihani ya watu limekaa katikati ya sheria hizo. Ada ya mwanasheria iingie katika bajeti ya mwezi wa kwanza.

Kwa anayefungua

Tukiyarudisha yote haya mezani, ushauri unakuwa mfupi. Chagua kipande chembamba: si kila mhandisi na kila kampuni, bali, kwa mfano, watengeneza programu za simu wenye uzoefu wa miaka mitatu na kampuni za Nairobi zilizokwisha kupata uwekezaji wa kwanza. Katika kipande hicho, wakutanishe watu kwa mkono, kwa simu na lahajedwali, kabla ya kujenga chochote. Kumi ukiwafahamu barabara watakufundisha cha kujenga, na wataleta wenzao. Mhandisi apimwe na mhandisi, kwa kazi inayofanana na kazi halisi, na alipwe kwa muda wake. Mwanzilishi naye apimwe: aonyeshe miezi ya mishahara aliyonayo, na masharti ya hisa kwa maandishi. Wachache watakataa kuonyesha. Kukataa kwao ni taarifa uliyoipata bure.

Kisha andika kwa tarakimu nani atalipa, na kiasi gani, pale mapatano yatakapovunjika. Ukikuta kwamba jibu ni mhandisi, au ni mwanzilishi, jukwaa lako halijaongeza kitu juu ya kile walichokuwa nacho kabla hujatokea. Ukikuta kwamba jibu ni wewe, piga hesabu ni mivunjiko mingapi unayoweza kuistahimili kwa mwezi, na usikubali watu wengi kuliko hesabu hiyo. Andela ilibeba mzigo kwa moyo wote na ikauzidisha. Majukwaa mengi hayajawahi kuugusa.

Na mwekezaji atakapouliza una watumiaji wangapi waliojisajili, mpe idadi hiyo kisha uiweke kando. Mwonyeshe idadi ya wahandisi ambao, mwaka mmoja baada ya kukutanishwa, bado wako na mwanzilishi yuleyule na bado wanalipwa. Itakuwa ndogo. Lakini ndiyo idadi ambayo mwanzilishi mpya ataiuliza kwa rafiki yake kabla hajakupigia simu, na ndiyo itakayomfanya akubali masharti yako.